Bunduki Aliyoikata Baba

Mume wangu Curtis si mtu wa kukasirika ovyo, lakini kuna watu ambao wakitajwa tu uso wake hubadilika. Ni wale wazee waliozinunua bunduki kuukuu za jeshi zilipouzwa kwa raia baada ya vita, wakazikata ubao wa mbele unaofunika mtutu, wakazipiga msasa na vanishi, wakaenda nazo porini kuwinda. Curtis anawaita wachinjaji. Akikutana na bunduki ya namna hiyo kwenye maonyesho, ataishika huku na huku kama mtu aliyeokota ndege aliyevunjika bawa, kisha ataulizia bei.

Chumba cha chini cha nyumba yetu ni chake. Humo zimo Mauser za Wajerumani, Enfield za Waingereza, na za Warusi zilizofika zikiwa zimelowa grisi kama samaki wa kopo. Anazifungua, anazisugua kwa mswaki, anatafuta ubao wa enzi ileile, anaupaka mafuta ya kitani kwa kiganja mpaka ung'ae. Nyumba nzima inanuka mafuta hayo, hata taulo. Sikuwahi kulalamika. Nilipenda kumwona mtu mwenye mikono mikubwa akikishika kitu kwa upole.

Baba yangu, Waino Kallio, alikuwa mchinjaji.

Bunduki yake, Springfield ya jeshi, aliinunua katika duka la vyuma mjini Houghton, akiwa kijana, siku ambazo bunduki za jeshi zilisimamishwa ndani ya pipa kama mifagio na mtu anajichagulia. Aliona ni nzito na inanasa kwenye matawi ya misonobari, basi akaiegemeza kwenye kiti cha jikoni akaukata ubao wake wa mbele. Mtutu hakuugusa. Tangu hapo nyama yetu ya kila majira ya baridi ilitoka kwenye bunduki ile. Kaka yangu Karl alijifunzia kulenga shabaha kwayo, nami nikafuata, na Arvid, kitinda mimba wetu, akafuata.

Arvid alikuwa na miaka minane alipochonga jina lake ubavuni mwa kitako, mwisho wa nyuma wa ubao uleule. Baba alikuwa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, nami niliwekwa mlangoni nichungulie. Alitumia kisu cha kuparia samaki, ulimi nje, akichonga herufi moja moja, na R yake ikatoka imegeukia nyuma. Baba alipoingia akiwa bado anatoa mvuke mabegani, aliitazama kazi ile kwa muda mrefu. Tulisubiri kofi. Akasema, "Haya. Sasa kulungu wakija kushtaki, watajua wamtafute nani."

Angeweza kulisugua jina lile kwa msasa likatoka siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo.

Arvid alipofika miaka kumi na tisa alivuka ziwa lililoganda kwa pikapu mwishoni mwa Machi, wakati barafu imeshaanza kuoza chini. Baba alikuwa amemkataza. Barafu ikavunjika; mwili wake tuliupata Mei. Kuanzia hapo ile bunduki ilikuwa na mahali pake juu ya mlango wa nyuma, na mama yangu, Aili, kila akipita na ufagio, alipeleka kidole gumba juu ya jina lile, bila kusimama, kama mtu anayefuta vumbi.

Curtis aliyaona hayo. Ameingia na kutoka kwa mlango ule tangu tulipokuwa wachumba.

Baba alifariki wakati theluji inayeyuka. Kiangazi kilipofika Mama aliona kutu kwenye mtutu, akamwita Curtis.

"Mkwe wangu, wewe ndiye fundi. Niondolee kutu hii."

"Niachie mimi, Mama. Utaipenda."

Ilikaa naye kiangazi kizima na vuli yote. Nilipomwuliza alitabasamu tu akasema nisubiri. Nilidhani anangoja mafuta yakauke.

Jumapili kabla ya majira ya kuwinda kulungu tulikusanyika kwa Mama kama kawaida yetu. Karl alikuja kutoka Marquette. Mama alikuwa ameoka pasti, zile za nyama na viazi, na mkate wa iliki. Karl alimtania Curtis tangu mlangoni, maana Curtis ni mzaliwa wa Saginaw, na watu wa kusini mwa jimbo sisi wa huku juu tunawaita watu wa chini ya daraja, lile refu linaloziunganisha pande mbili za jimbo.

"Shemeji, mwaka huu utapiga kulungu, au utampiga picha tena?"

"Ngoja ule kwanza, utaona nilichowaletea."

Tulipomaliza kula alikwenda garini, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Alikilaza mezani katikati ya vikombe, akakifungua taratibu. Alikuwa mwekundu masikioni kwa furaha.

Ilikuwa bunduki ya askari. Ubao wake ulikwenda mbele mpaka karibu na mdomo wa mtutu, mzima, wa rangi ya kahawa, umefungwa kwa pete za chuma. Kulikuwa na mkanda wa ngozi. Kulikuwa na mihuri midogo ya jeshi kwenye ubao. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

"Hii ni ya nani?" Mama aliuliza.

"Ni yako, Mama. Ni ileile ya Mzee. Chuma ni kilekile, nimekirudisha kama kilivyotoka kiwandani." Akaanza kueleza. Ubao huo aliutafuta miaka mitatu kwa ajili ya bunduki nyingine, akaamua kuutoa kwa hii kwa sababu ni ya familia. Pete zilitoka kwa mtu wa Ohio. Hata skrubu ni za wakati ule. "Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla haijaharibiwa."

Karl aliacha kutafuna.

Mama alisimama, akaigeuza bunduki upande wa pili, akapeleka kidole gumba kwenye kitako. Alikipitisha mara moja, kisha akakirudisha. Palikuwa laini.

"Arvid yuko wapi?"

Curtis alinitazama. Nadhani alifikiri Mama amechanganyikiwa, kwamba uzee umempanda ghafla pale mezani. Alimjibu kwa sauti ya kumbembeleza. "Mama, Arvid alishafariki."

"Mimi ndiye niliyemzika. Nakuuliza yuko wapi."

"Anauliza ule ubao wa zamani," nilisema. "Uko wapi, Curtis?"

"Upo. Yaani, si wote." Alijikuna shingo. "Mbao za umri ule hazipatikani. Nikipata uliokwisha kukatwa huwa nautumia kutia viraka kwenye bunduki nyingine. Kiraka kikiwa cha mti wa wakati uleule hakionekani."

"Sehemu yenye jina," alisema Karl.

"Pale ilibidi nipige randa. Kiraka kinataka ubao ulionyooka. Karl, mimi nilidhani ni mikwaruzo ya mtoto."

"Ndiyo," alisema Karl. "Ni mikwaruzo ya mtoto."

Alikwisha kusimama. Mama aliweka mkono kifuani pake bila kumtazama, naye akabaki palepale. Mama alikuwa bado ana neno.

"Na maranda yake?"

Sote tulijua yalikokwenda. Kila Jumamosi Curtis alikuwa akimletea Mama mfuko wa maranda kutoka chumba cha chini, yale ya kuwashia jiko la sauna. Mama humsifu kwa hilo. Huwaambia majirani kwamba mkwe wake wa Saginaw hajui kuvua samaki, lakini maranda yake yanashika moto kwa kiberiti kimoja.

"Basi tumemwashia sauna," alisema Mama. "Tumekaa humo tukatoa jasho. Nami nikasema joto ni zuri."

Alianza kukusanya vikombe. Alituambia twende nyumbani.

Garini, tulipofika barabara kuu, Curtis alisema kosa si lake peke yake, kwamba hakuna aliyemwambia. Nilimwambia asimamishe gari. Hakusimamisha. Nilimwambia kwamba kwa miaka yote hiyo amemwona mama yangu akiligusa jina lile, na kama ingekuwa namba ya kiwanda angeikumbuka mpaka leo.

"Nilitaka kumfurahisha," alisema.

"Ulitaka kumrekebisha Baba."

"Baba yako aliiharibu bunduki nzuri, Marlys. Samahani, lakini ndivyo."

Sijawahi kumpiga mtu. Siku hiyo nilikalia mikono yangu.

Nyumbani nilishuka chumba cha chini nikiwa bado na koti na viatu vyenye theluji. Nilivuta droo zake zote. Vilikuwepo vipande viwili vya ubao wa Baba, vyote vya upande usio na kitu, kimojawapo kina alama za meno ya jiliwa, kile chuma cha kubania mbao mezani. Kipande cha tatu, alisema Curtis akiwa amesimama kwenye ngazi, alikitia kwenye Springfield nyingine, akaiuza kwa mtu wa Escanaba. Alisema hivyo kana kwamba ni habari njema. Nilimwambia asinisogelee, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilimwona akiniogopa.

Mama alikuja Jumanne mchana. Tulisikia pikapu yake, ile ambayo bomba lake la moshi linanguruma tangu enzi za Baba. Alishuka na blanketi mkononi. Curtis alikimbilia mlangoni kumpokea, akamshika mkono asiteleze, na nikaona usoni mwake kwamba anafikiri yameisha, Mama amekuja wasameheane. Akamshusha chumba cha chini mwenyewe. Akamfutia meza.

"Jiliwa lako linashika vizuri?" Mama aliuliza.

"Linashika, Mama."

"Nataka kuona ndani. Toa pete hizi. Toa chuma chote kwenye ubao."

Alifanya alivyoambiwa. Aliifungua bunduki kwa ile mikono yake ya upole, akimwonyesha Mama kila skrubu, akieleza kwa nini hii ni ndefu na ile ni fupi. Hata alipomwambia aufunge ubao mtupu kwenye jiliwa aliuwekea ngozi pande zote mbili usikwaruzike. Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi. Nilianza kuelewa Mama alipopima kwa shibiri, mara mbili kutoka mwisho, akaweka alama kwa ukucha.

Kisha akanyoosha mkono akachukua msumeno ukutani.

"Mama," alisema Curtis. "Mama, unafanya nini?"

"Waino alikata hapa."

"Subiri. Tafadhali, subiri kidogo. Ubao huo niliutafuta miaka mitatu."

Mama aliweka msumeno kwenye alama. Hakupandisha sauti. "Mimi nilimtafuta Arvid tangu barafu ilipovunjika mpaka ilipoyeyuka yote. Kila siku nilikwenda kusimama ufukoni. Usinifundishe kutafuta."

Akaanza kukata.

Sauti ya msumeno kwenye mti mkavu ni kali. Curtis alipiga hatua mbele, mkono umenyooka kuushika. Nilimwambia, "Mwache."

"Huu ni wazimu, Marlys. Hii ni historia."

"Ya nani?"

Aliushusha mkono. Hasira yake pia ilikuwa ya kweli, naijua, maana alikuwa akitazama kitu kilichopita katika vita viwili bila doa kikikatwa ndani ya nyumba yake. Lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kumhurumia. Mama ana miaka sabini na sita. Alifika nusu, akapumzika, akabadilisha mkono. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mkono wa kushoto haukuwa na nguvu, msumeno ukawa unarukaruka na kuchana ubao. Sote wawili tulitazama msumeno ule ukiruka.

Nilikwenda nikauchukua mkononi mwake. Alinipisha. Nilimaliza mimi. Kipande kilipoanguka sakafuni Curtis alikiokota, akakishika kwa mikono miwili, akapanda ngazi nacho. Tukasikia gari lake likiondoka.

Alikwenda kwa ndugu yake Saginaw. Kabla hajalala alinipigia simu, akaniambia maneno ambayo mume hapaswi kumwambia mke, kwamba sisi wa huku juu ni washamba tusiojua thamani ya kitu, kwamba mama yangu ni katili. Nami nilimwambia yangu. Nilimwambia abaki hukohuko chini ya daraja, na sikuwa natania.

Karl ndiye aliyeiunga bunduki. Alisugua ncha iliyochanika, akaipaka mafuta. Alimwuliza Mama kama anataka alichonge lile jina upya mahali pake, alikuwa ameshaleta kisu.

"Nani atachonga?" Mama aliuliza.

"Mimi."

"Wewe unaijua R. Yeye alikuwa haijui. Acha."

Siku ya kwanza ya mawindo Mama aliamka kabla ya kupambazuka, akavaa koti la Baba la rangi ya chungwa linalomfika magotini, akaenda kukaa kwenye kibanda chake cha kuvizia. Tulibishana naye, hakusikia. Alirudi jioni, pua nyekundu, bila kufyatua risasi hata moja. Karl alimwuliza kama ameona kulungu.

"Wamepita wanne. Dume mmoja mkubwa."

"Sasa mbona hukupiga?"

"Nilikuwa nimekasirika. Mkono hautulii."

Curtis alirudi wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Hakuja na maua wala maneno. Alikuja na Springfield iliyofungwa kwenye turubai, akaipitisha moja kwa moja mpaka chumba cha chini, nami nikamfuata kwa sababu nilitaka kuendelea kugombana. Ilikuwa ile aliyomwuzia mtu wa Escanaba. Mwenyewe alikataa kuirudisha kwa bei yoyote, kwa hiyo Curtis alimpa Mauser yake bora kuliko zote, ile aliyokuwa haruhusu hata mimi niipanguse vumbi. Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo, akichokoa kiraka kwa patasi nyembamba. Kilitoka kizima. Hakikuzidi upana wa vidole viwili.

Tulikipeleka kwa Mama pamoja. Mama alifungua mlango wa nyuma, akamtazama Curtis, akatazama mkononi mwake. Alikichukua kile kipande akakipeleka dirishani kwenye mwanga, akakipitishia kidole gumba pande zote.

"Hiki kinaweza kuwa cha mtu yeyote," alisema.

"Ni chake, Mama. Naapa. Nilikikata mwenyewe."

"Sisemi unadanganya. Nasema hakina kitu."

Akamrudishia. Curtis alibaki amesimama kizingitini, kipande kimo kiganjani, theluji ikimyeyukia kwenye nywele. Alisema, "Nililiona. Nililiona jina, nikajua ni jina. Niliona tu kwamba linaharibu ubao." Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakishuka kwenye ndevu.

Mama alimwacha alie. Hakumgusa. Baada ya muda alisema, "Funga mlango, joto linatoka. Kahawa ipo jikoni."

Alikwenda akanywa kahawa. Mama akamkatia mkate wa iliki, kipande cha mwisho wa mkate, kile kigumu anachokipenda. Wakazungumza juu ya barabara, kama zimepitishwa greda la kuondoa theluji. Jumamosi iliyofuata alimpelekea kuni za kuwashia sauna, vijiti alivyopasua kwa shoka mwenyewe, na Mama akasema vinafaa.

Karl hajamsemesha mpaka leo, wakikutana humwinamishia kichwa tu. Na mimi nimo ndani ya nyumba ileile, nalala kitanda kilekile, nanusa mafuta yaleyale ya kitani. Mama alimsamehe siku ile, kwa kikombe cha kahawa, bila kuniuliza, na hilo nalo limenikasirisha. Nilimwambia hivyo tukiwa sauna, sisi wawili, mwezi wa Januari. Nilimwambia ni mimi niliyesimama mlangoni kuchungulia wakati Arvid anachonga, ni mimi niliyemfutia ubao vumbi kwa mkono wa sweta, na kwamba sijui hasira hii nitaipeleka wapi.

Mama alimwaga maji juu ya mawe. Mvuke ukapanda, sikumwona uso.

"Kaa nayo," alisema. "Mimi nimechoka kuishika yangu."

Kisha akanipa kata, akaniambia niongeze maji.